Akiba Haiozi

Methali ya “akiba haiozi” nimeifundisha darasani kwa miaka mingi, na wanafunzi wameniandikia insha zake kwa mamia. Karibu zote zina watu wawili. Mmoja anamaliza mavuno yake kwa pombe na ngoma, mwingine anaweka. Njaa inaingia, na yule wa kwanza anakwenda kupiga hodi kwa yule wa pili. Nilikuwa nikitoa alama na kuchukua daftari linalofuata. Kilichonifanya nisimame na kuifikiri upya methali hiyo ni filamu moja iliyotengenezwa katika nchi yetu mwaka 1935, filamu ambayo mimi sijaiona, na ambayo wewe msomaji hutaiona, kwa sababu haipo tena.

Iliitwa Post Office Savings Bank, yaani Benki ya Akiba ya Posta. Najua kwamba kuhakiki filamu isiyoonekana ni sawa na kusifu au kulaumu mboga kwa kunusa chungu kilichokwisha oshwa. Lakini chungu kilichooshwa nacho hubaki na harufu, na harufu ya filamu hii nimeisikia mpaka hapa Ushetu, katika nyumba yetu wenyewe.

Kwanza nieleze ilivyotokea. Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, juu ya tambarare za mkonge za Korogwe na Tanga, palianzishwa mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Wazo lilikuwa la Mmarekani mmoja, J. Merle Davis, aliyekuwa mtumishi wa Baraza la Kimataifa la Misioni, na ambaye hapo kabla alikuwa amechunguza jinsi migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini ilivyobadili maisha ya vijijini. Fedha nyingi zilitoka shirika la Carnegie la New York. Kazi yenyewe iliongozwa na Waingereza wawili: Meja L. A. Notcutt, ambaye aliwahi kuwa meneja wa mashamba ya mkonge, na G. C. Latham, ambaye alikuwa mkuu wa elimu ya Waafrika huko Rhodesia ya Kaskazini. Mpaka mradi ulipofungwa mwaka 1937, zilikuwa zimetengenezwa filamu fupi 35, juu ya safura, malaria ya watoto wachanga, mmomonyoko wa udongo, kahawa, kodi na mengineyo. Zilipakiwa katika lori pamoja na projekta na jenereta, zikazungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mwaka 1937 wakuu hao wawili walichapisha London kitabu juu ya kazi yao, The African and the Cinema. Filamu ya akiba ndiyo iliyotangulia zote.

Hadithi yake ni fupi. Mfanyakazi wa shamba amepata mshahara wake, akauficha kwa kuufukia chini. Mwizi akaja akauchukua. Mwingine akapeleka fedha zake posta, akaziweka katika benki ya akiba, zikasalimika. Basi. Mwanafunzi wangu yeyote wa darasa la sita angeweza kuiandika.

Nilipoisoma hadithi hiyo kwa mara ya kwanza nilimfikiria babu yangu. Wakati ule vijana wa Usumbwa, Unyamwezi na Usukuma walikwenda kwa maelfu kukata mkonge Tanga. Ndio walioitwa manamba. Mtu alifanya kazi mpaka kipande chake kikatimia siku 30, ndipo akalipwa. Babu alikuwa mmoja wao. Alikaa huko misimu kadhaa, akarudi kwa miguu na kwa treni akiwa na shilingi zake katika kopo la sigara. Kopo hilo alilifukia pembeni mwa mafiga, ndani ya nyumba ya mama yake, na mwaka uliofuata akalifukua akanunua ng'ombe. Ng'ombe hao ndio waliomwoa bibi yangu. Kwa hiyo, maadam mimi nipo na ninaandika, ni mjukuu wa yule mjinga wa kwenye filamu, isipokuwa mwizi wetu hakutokea.

Sisemi hivyo kwa mzaha. Filamu hii, kwa jinsi ilivyojengwa, ilimhitaji mwizi. Mwondoe mwizi, na yule aliyefukia fedha hana kosa lolote: amefanya kazi, amepata ujira, amejinyima, ameweka. Methali yetu imetimia kwake kama ilivyotimia kwa mwenzake. Ili aonekane mjinga, ilibidi mtengenezaji amlete mtu wa tatu gizani. Na mtu huyo wa tatu, angalia, alikuwa Mwafrika kama wao. Miaka ile, baada ya mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929, mishahara ya mashamba ya mkonge ilikuwa imeshushwa sana, na kodi ilikuwa palepale. Manamba mwenye akili, akijiuliza fedha zake zimekwenda wapi, angeweza kutaja zaidi ya mlango mmoja. Filamu ilimwonyesha mlango mmoja tu, ule wa kibanda cha jirani yake. Kodi ilikuwa na filamu yake peke yake katika mfululizo huohuo, na humo haikuwa mwizi.

Hapo ndipo ninapoona upungufu wa kisanaa, nao ni mkubwa kuliko upungufu wa picha au sauti. Watu wawili, mmoja mwerevu na mmoja mjinga, ni umbo tunalolijua tangu utotoni. Sungura na Fisi ni watu wawili wa namna hiyo. Lakini katika ngano zetu mwerevu ni yule aliye mdogo, anayepita katikati ya miguu ya wakubwa kwa ujanja wake, na sisi watoto tulicheka kwa sababu mwenye nguvu amepatikana. Na Fisi, pamoja na ulafi wake, tulimjua vizuri. Tulijua alivyo na njaa, tulisikia sauti yake, msimuliaji alimwigiza mpaka tukamwonea huruma. Mwerevu wa filamu hii hana ujanja wowote. Werevu wake ni kwenda kwenye dirisha la mwenye nguvu, kutoa fedha, na kupokea kitabu chenye mhuri. Ni mtii, na utii aghalabu hauchekeshi. Ninashawishika kwamba katika kila mahali lori lile liliposimama, watazamaji walimpenda zaidi mwizi.

Watengenezaji waliamini kwamba mtu wa kijijini hawezi kufuata picha za haraka wala hadithi yenye kona nyingi, hivyo apewe jambo moja, polepole, waziwazi. Imani hiyo ilidumu muda mrefu katika sinema za kikoloni. Kisa kinachosimuliwa mara nyingi kuhusu jambo hili ni kile cha John Wilson, ambacho Marshall McLuhan alikieneza katika kitabu chake The Gutenberg Galaxy cha mwaka 1962. Wanakijiji wa Kiafrika walionyeshwa filamu ya usafi, mtu akiondoa maji yaliyotuama, polepole kabisa. Watazamaji kama 30 walipoulizwa wameona nini, walijibu kwamba wameona kuku. Wenye filamu hawakujua kama mna kuku. Wakaurudia mkanda picha kwa picha, na kweli, kuku alikatiza kwenye pembe ya picha kwa muda wa sekunde moja hivi. Wataalamu wakahitimisha kwamba mtu asiyejua kusoma hajui kuitazama picha nzima.

Mimi nahitimisha kwamba watu wale walikuwa na macho mazuri kuliko aliyepiga picha. Kwetu huku kuku ni akiba. Mtoto akipewa kuku jike, akimtunza, vifaranga vyake vitanunua mbuzi, na mbuzi watanunua ndama. Ndivyo alivyoanza kila mzee mwenye zizi. Kuku wa watu akikimbia ovyo kwenye pembe ya uwanja, anayestahili kushangaza ni yule asiyemwona.

Hata hivyo nisiwe mchoyo wa sifa. Waigizaji wa Vugiri walikuwa watu wa kawaida wa huko, siyo waigizaji wa kazi. Mtu aliyekuwa amezoea kuona kwenye sinema Wazungu tu wakianguka na kukimbizana, sasa aliona kwenye shuka jeupe mtu mwenye sura ya kaka yake, amevaa kama yeye, anafanya kazi ambayo yeye mwenyewe ameifanya, anahesabu fedha anazozijua. Hilo si dogo. Na tena walimsikia akielezwa kwa lugha ya Kiafrika. Sauti haikuwa ndani ya mkanda. Ilitiwa kwenye santuri iliyopigwa pembeni mkanda ukienda, ili mahali penye lugha nyingine santuri ibadilishwe na mkanda ubaki uleule. Ni mpango wa kutumia fedha kidogo, na ulikuwa na taabu zake, kwani sindano ikiruka, maneno na picha huachana. Lakini fikiria: mjinga mmoja, akiibiwa kwa Kiswahili huku, akiibiwa kwa lugha nyingine kule, shimo likiwa lilelile.

Turudi kwenye akiba. Baba yangu alilima tumbaku. Yeye hakufukia kopo. Alikuwa kizazi kilichosoma, na ushauri wa filamu ile alikuwa amekwisha upata kwa njia nyingine, kwa walimu na kwa mabwana shamba. Mwaka 1979, baada ya kuuza tumbaku yake, aliweka katika benki moja fedha ambazo zingemnunulia ng'ombe watano. Babu alimwambia anunue ng'ombe. Baba alisema ng'ombe hufa, na ni kweli hufa. Akakaa na kitabu chake cha akiba, akikitunza pamoja na kadi ya chama ndani ya mfuko wa plastiki. Kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1980 bei za vitu zilipanda kwa takriban asilimia 30 kila mwaka. Mwaka 1985 dola moja ya Kimarekani ilibadilishwa kwa shilingi kama 17. Mwaka 1990 ilikuwa karibu shilingi 195. Mwaka 1989 baba alipokwenda kuchukua akiba yake ili anilipie mahari, alihesabiwa kila senti pamoja na riba yake, na zote kwa pamoja hazikutosha ng'ombe mmoja. Hapakuwa na mwizi. Karani alikuwa mwungwana, mhuri ulikuwa halali, hesabu ilikuwa sahihi. Baba alirudi jioni, akatundika koti lake, akasema, “Zimeoza.”

Neno hilo moja ndilo uhakiki wa kwanza wa filamu ya Vugiri niliousikia, ingawa mwenyewe hakujua kwamba anaihakiki.

Haki itendeke pande zote. Kopo la babu nalo lilifaa kwa sababu ya wakati wake. Shilingi za sarafu zinaweza kukaa ardhini. Noti huliwa na mchwa. Na aliyefukia noti za Afrika Mashariki akachelewa kuzifukua, baada ya mwaka 1966 Tanzania ilipoanza kutoa shilingi yake yenyewe, mwishowe alifukua karatasi. Hata katika nchi yetu hii ya dhahabu, ambako watu tangu Geita hadi Kahama wanaamini kwamba mali hutoka ardhini, hakuna anayeamini kwamba ardhi huitunza mali ya kila mtu. Kwa hiyo ushauri wa posta haukuwa mbaya. Benki ile ya akiba ya posta yenyewe imeishi kwa majina mbalimbali. Kwa sheria ya mwaka 1991 ikawa Benki ya Posta Tanzania, na mwaka 2021 ikachukua jina la Tanzania Commercial Bank. Ninachoilaumu filamu ni kwamba ilizungumzia mahali pa kuweka tu. Haikusema kitu juu ya anayeshika thamani ya kilichowekwa, na mtu wa chini hudhurika zaidi hapo.

Umbo lile halikufa na mradi. Miaka ya mwanzo ya 1950 zilitengenezwa tena hapa nchini filamu za Kiswahili, mojawapo ikiwa Muhogo Mchungu, ambamo aliigiza kijana Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962. Humo mtu wa shamba anaingia mjini na mji unamponza. Katika miaka ya 1970 Kampuni ya Filamu Tanzania, sasa chini ya serikali yetu wenyewe, ilitoa Fimbo ya Mnyonge: mkulima maskini anakwenda mjini, hapati alichokitafuta, wokovu wake uko katika kijiji cha ujamaa. Ujumbe umebadilika, mwenye nchi amebadilika, lakini mtazamaji bado anakaa kwenye majani mbele ya shuka jeupe, anaonyeshwa njia mbili, na moja imekwisha tiwa alama ya kosa kabla hajafika. Ninaipenda Fimbo ya Mnyonge kwa sababu nyingine nyingi. Hilo moja linaniuma, hasa kwa kuwa nami nimelifanya darasani kila mwaka.

Sasa juu ya kupotea kwake. Kati ya filamu zile 35, zinazojulikana kuwa zimebaki ni tatu tu, nazo zinatunzwa na British Film Institute ya Uingereza: moja juu ya safura, moja juu ya mafunzo ya utabibu wa mifugo, na moja juu ya mashamba ya Kingolwira, karibu na Morogoro. Ya akiba haimo. Mkanda wa filamu wa aina ile, ukiachwa katika joto na unyevu, huanza kunuka siki, hujikunja, huwa mkavu, mwishowe hauwezi tena kupita katika mashine. Na pale ambapo picha na sauti vimekaa mbalimbali, kimoja chaweza kupona na kingine kikapotea. Filamu iliyotengenezwa ili kuwafundisha watu kwamba kitu kikiwekwa mahali panapofaa hakiozi, yenyewe hakuna aliyeiweka.

Hatuko peke yetu katika msiba huo. Wahindi, ambao filamu zao ndizo zilizojaza majumba ya sinema ya nchi yetu kwa miongo mingi, wameipoteza Alam Ara ya mwaka 1931, filamu yao ndefu ya kwanza yenye sauti. Mwaka huohuo ilitoka Kalidas, inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya Kitamil kusema, nayo imetoweka. Hazina yao ya taifa ya filamu ilianzishwa mwaka 1964, mengi yakiwa yamekwisha haribika. Lakini Mtamil aliyepoteza Kalidas ana maelfu ya filamu nyingine ambamo watu wake walijisemea wenyewe. Sisi kwa miaka ile ya 1930 tuna chache mno, na kila uso unaopotea humo ni uso wa mtu ambaye huenda hakupigwa picha nyingine maishani mwake.

Mwaka jana, msimu wa masoko, nilikuwa nimekaa na wazee kwenye ghala la chama cha msingi tukingoja mnunuzi wa tumbaku. Belo zilikuwa zimepangwa mpaka kwenye mapaa, na mnunuzi, kama kawaida yake, alichelewa. Nikawasimulia filamu ile kama ninavyomsimulia mtoto ngano, kwa kuwa ndiyo njia pekee iliyobaki ya kuionyesha.

Walisikiliza kwa makini. Nilipofika kwenye mwizi walicheka, kama nilivyotarajia. Mzee mmoja akauliza, “Mwalimu, huyo mwizi alijuaje mahali?” Mwingine akamjibu kwamba bila shaka mwenye fedha alilewa akasema. Wa tatu akakataa: mtu aliyejinyima mpaka akaweka halewi hovyo, atakuwa ni ndugu yake, kwa kuwa ndugu ndiye anayejua mafiga yako yako wapi. Wakabishana hapo kwa muda mrefu, wakamtafutia yule mjinga jina, mke, deni na shemeji, mpaka nikaona kwamba katika ghala lile wametengeneza filamu bora kuliko ya Vugiri. Hakuna aliyeuliza habari za yule wa posta.

Mwishowe mzee wa kwanza, ambaye alipata kumjua babu yangu, akanigeukia. “Basi, mwanangu, ituletee hiyo sinema siku moja tuione.”

Nikamwambia, “Haipo, mzee. Imepotea.”

“Imepotea! Walikuwa wameifukia?”

“Hapana,” nikasema, “iliwekwa Ulaya.”

Akatikisa kichwa, akatema ugoro pembeni, akaniambia niangalie barabarani kama gari la mnunuzi linaonekana.